Somo kwa Walimu wa Vijana: Utumwa na Wale Walioupinga

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kuingia darasani: Kutoka 2:23 hadi 3:10, Kumbukumbu la Torati 24:7, Waraka kwa Filemoni wote (ni sura moja tu).

Ndugu walimu wa Shule ya Jumapili, na ninyi mnaowaandaa vijana kwa Kipaimara,

Mitaa mingi ya kanisa letu hapa mjini imewahi kuwavusha vijana kwenda Unguja kuliona Kanisa Kuu la Mkunazini. Hurudi jioni wamechoka kwa jua na bahari, na ukiwauliza wamejifunza nini, wengi watakujibu kwa sentensi tatu: Waarabu waliwauza babu zetu, Livingstone akatuhurumia, Waingereza wakakomesha. Sentensi hizo si uongo mtupu. Lakini ni fupi mno, na ufupi wake una madhara, hasa kwetu tunaokaa Temeke, Mbagala, Kinondoni na Mwananyamala, mahali ambapo nyumba moja ya vyumba sita hukaliwa na Waislamu na Wakristo pamoja, wakitumia uani mmoja na bomba moja.

Mtoto aliyebeba sentensi hizo tatu atazitumia siku ya kwanza ya ugomvi. Nimesikia kwa masikio yangu uwanjani kijana akimwambia mwenzake mwenye jina la Kiislamu, “Ninyi ndio mliotuuza.” Aliyeambiwa alikuwa Mzaramo, sawasawa na aliyemwambia. Hayo ni madhara ya kwanza. Ya pili ni ya ndani zaidi: mtoto huyo huondoka akidhani kwamba watu wetu katika habari hii walikaa kimya na minyororo shingoni, wakimngoja mgeni. Basi somo hili limeandikwa ili limsaidie mwalimu kuyaepuka hayo mawili. Si somo la Jumapili moja. Ligawe katika Jumapili tatu au nne, na usiwe na haraka.

TUANZE NA RAMANI

Chora ubaoni pwani yetu kutoka Lamu hadi Kilwa, kisha weka Unguja na Pemba. Upande wa bara weka Tabora, Ujiji na Ziwa Nyasa. Waulize vijana: watumwa wengi waliofika Unguja walipitia bandari gani? Watasema Bagamoyo, kwa sababu ndiko shule zinakowapeleka kutembea. Waambie kwamba Bagamoyo ilikuwa kwanza bandari ya pembe za ndovu, na wapagazi wengi wa njia ile, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira. Watumwa walipita huko pia, lakini kundi kubwa lilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa mpaka Kilwa Kivinje, na huko wakapakiwa majahazini. Hata jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba mtumwa aliubwaga moyo wake hapo kwa kukata tamaa. Wako wasemao kwamba ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo na kupumzika. Mwalimu asichague tafsiri moja kwa kuwa inaliza zaidi.

Kwa nini watu walitakiwa? Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840, na mashamba ya karafuu yakaenea Unguja na Pemba. Karafuu huchumwa kwa mkono, mti kwa mti, na msimu haungoji. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 watumwa walioingia Unguja kila mwaka walikuwa kati ya 15,000 na 20,000. Wengine walibaki mashambani, wengine walipelekwa Arabuni na kwingineko. Na tusidhani kwamba haya yalikuwa mambo ya visiwani tu. Mji wetu huu ulianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na watumwa walifanya kazi katika majengo yake na katika mashamba yaliyouzunguka.

Sasa swali ambalo vijana watauliza: nani aliyeuza? Jibu kwa ukweli wote, usilikate vipande. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Walikuwapo watemi na wakuu wa bara, Wayao, Wanyamwezi na wengineo, waliokamata majirani zao na kuwatoa kwa nguo na bunduki. Walikuwapo matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za safari. Mfaransa mmoja, Morice, alipatana na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Kifaransa katika Bahari ya Hindi. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye jina lake vijana watalijua, alikuwa na damu ya Kiarabu na ya Kiafrika pamoja, na habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili.

Chukua pia kipande cha marekani, ile nguo nyeupe nzito ambayo bibi zetu waliijua, ukionyeshe darasani. Jina lake lenyewe linasema ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliileta Unguja tangu kabla ya katikati ya karne ya 19. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikaletwa huku ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Pembe nazo zikaenda Marekani na Ulaya kufanywa vibao vya piano na vipini vya visu. Kijana akiisha kushika kitambaa hicho mkononi hataweza tena kusema kirahisi kwamba dhambi hii ilikuwa ya kabila moja au ya dini moja.

WAPINGA UTUMWA WA NG’AMBO

Hapa mwalimu asikae sana, ila wanafunzi wayajue majina. Thomas Clarkson alizunguka bandari za Uingereza akikusanya ushahidi kwa mabaharia. William Wilberforce alileta hoja Bungeni mwaka baada ya mwaka. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa akajinunua mwenyewe, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1789 na kukiuza akitembea mji kwa mji. Watu wa kawaida kwa maelfu walitia sahihi maombi, na wengi wakakataa kula sukari ya mashamba ya watumwa. Mwaka 1807 Bunge likapiga marufuku biashara ya watumwa, na mwaka 1833 likapitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa katika makoloni mengi ya Uingereza. Katikati ya hayo, watumwa wa Haiti walikwisha kujikomboa kwa vita vilivyoanza mwaka 1791 na kumalizika kwa kutangazwa taifa huru mwaka 1804. Na huko Jamaika, Sam Sharpe, shemasi wa kanisa la Wabaptisti, aliongoza mgomo uliogeuka uasi wakati wa Krismasi ya mwaka 1831. Walimnyonga mwaka 1832. Sheria ile ilipitishwa mwaka uliofuata.

Kuna jambo ambalo sisi Waanglikana hatuna budi kulisema wenyewe kabla hatujasemewa na wengine. Sheria ya 1833 ilitoa fidia ya pauni milioni 20, na fedha hizo walipewa mabwana; watumwa hawakupewa kitu. Nalo shirika la misheni la Kanisa la Uingereza lilikuwa na shamba la miwa huko Barbados, liitwalo Codrington, na watumwa wa shamba hilo walipata kuchomwa chapa kifuani yenye jina la shirika. Mwezi wa Februari 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa ajili ya mambo hayo, na mwaka 2023 kanisa hilo likatangaza mfuko wa pauni milioni 100, baada ya kuona kwamba baadhi ya mali yake ya zamani ilitokana na biashara hiyo. Ukimfundisha mtoto kosa la jirani ukamficha kosa la nyumbani, siku moja atalisoma mwenyewe, na hapo hatakuamini tena hata katika yale uliyomfundisha sawasawa.

Kijana wa sekondari naye atakuja na hoja yake. Atasema: mwalimu wa historia ametufundisha kwamba Uingereza ilikomesha utumwa kwa faida ya viwanda vyake, si kwa huruma. Usimkemee. Hoja hiyo ina wenyewe. Eric Williams aliiandika mwaka 1944, na Walter Rodney, aliyefundisha hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwafundisha watu kuzitazama habari za Afrika kwa jicho la uchumi. Wako wanahistoria wengine walioipinga kwa hesabu zao. Mimi naona kwamba serikali mara nyingi hufuata faida na watu binafsi mara nyingi hufuata dhamiri, na hayo mawili yaweza kukutana barabarani bila kuwa kitu kimoja. Lakini mwache kijana abishane. Darasa lenye ubishi wa adabu ni darasa zima.

KWETU: MIAKA MINGI, SI SIKU MOJA

Jambo linalowashangaza vijana ni urefu wa muda. Sheria ile ya 1833 haikufika Unguja. Mapatano ya 1822 na ya 1845 yalipunguza tu njia ambazo majahazi yaliruhusiwa kupita. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akitishwa kwamba manowari za Waingereza zitaizunguka Unguja, alitia sahihi mapatano na John Kirk. Biashara ya baharini ikakatazwa na soko la Mkunazini likafungwa. Mwaka 1876 Sultani akakataza misafara ya watumwa bara. Lakini angalia vizuri: kilichokatazwa kilikuwa ni kuuza na kusafirisha. Kumiliki mtu bado ilikuwa halali.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria. Hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, aeleze atakaa wapi na atakula nini. Fidia akapewa bwana. Masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907.

Na huku bara je? Mwaka 1888 watu wa pwani, Abushiri bin Salim akiwa mmoja wa viongozi wao, waliinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani. Mwezi Januari 1889 Bunge la Ujerumani likatoa fedha za vita, na sababu iliyotangazwa kwanza ilikuwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Vita vikaisha, nchi ikawa yao, na utumwa haukufutwa. Walichofanya Wajerumani ni kuruhusu mtumwa ajinunue, na baadaye kuamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao wakabaki. Utumwa ulifutwa kwa sheria hapa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Waambie wanafunzi wapige hesabu hii: mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1905 alikuwa na miaka 56 tu bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961. Alikuwa mzee wa kwenye baraza, tuliyempa shikamoo.

Kwa kuwa wengi wetu tuko karibu na Pugu, wapelekeni vijana huko. Wamisionari Wabenediktini, ndugu zetu Wakatoliki, walianzisha misheni Pugu mwaka 1888 na kukaa na watoto waliotolewa utumwani. Mwezi Januari 1889 watu wa upande wa Abushiri wakaivamia; wamisionari kadhaa wakauawa na wengine wakatekwa. Je, Abushiri alikuwa shujaa aliyewapinga wakoloni, kama kitabu cha shule kinavyosema? Au alikuwa adui wa walioachiwa huru? Hilo ni swali gumu, nami napenda lianzwe na vijana wakiwa wamesimama palepale Pugu, si katika kiti.

WALE AMBAO SENTENSI TATU HUWASAHAU

Tumefika mahali pa kukaa sana. Rudini kwenye Kutoka. Kabla Musa hajakiona kile kijiti kinachowaka, wana wa Israeli walikwisha kulia, na Mungu alikwisha kusikia. Kilio kilitangulia, Musa alikuja baadaye. Mwalimu awaulize vijana: katika habari zetu, nani walilia, nani walikimbia, nani walijenga?

Askofu Tozer na Padre Steere walipofika Unguja mwaka 1864, misheni ya UMCA ikiwa imeshindwa kule Magomero karibu na Mto Shire, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Tafakarini neno hilo, aliwapa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni yetu walitolewa kama zawadi, na hakuna aliyewauliza wanataka nini. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeibwa akiwa mtoto, alisoma Kiungani, akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika UMCA, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini, karibu na watu wa lugha yake. Aliyeuzwa alirudi akiwa padre. Wavulana wengine wa Kiungani waliandika au kusimulia jinsi walivyokamatwa, na Madan akayachapisha masimulizi yao mwaka 1887. Humo utawasikia watoto wakikumbuka mto uliokuwa karibu na kwao, na jina la dada aliyebaki njiani.

Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Lindi kwa miguu na kundi la walioachiwa huru kutoka Mbweni, akitaka kuwarudisha pande za Nyasa. Walipofika Masasi walipaona pazuri, wakasema tutakaa hapa. Wakakaa. Wengi wa Waanglikana wa Dar es Salaam wenye asili ya kusini wameupata ukristo wao kwa sababu ya uamuzi huo, nao haukuwa wa askofu.

Habari ya Livingstone nayo isimulieni, ila isimulieni yote. James Chuma alitolewa katika kamba za watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma na Susi, pamoja na Jacob Wainwright, Halima aliyekuwa mpishi, na wenzao, walikata shauri wenyewe. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Wangaliweza kumzika na kwenda zao.

Upande wa Kenya, watoro walijenga vijiji vyao wenyewe. Kimoja, Fuladoyo, kilianza mwaka 1879, na kiongozi wao Mkristo, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, ambako wamisionari walibanwa na sheria iliyowakataza kuwahifadhi watoro. Hata hivyo watu waliendelea kuja, usiku kwa usiku, mpaka siku ya Mwaka Mpya 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru, na mabwana wao wakalipwa. Tazama ni nani aliyeanza. James Mbotela, mtoto wa mtu aliyepata kuwa mtumwa, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ni kitabu kizuri cha kusomea, ila mwalimu ajue kwamba kinawasifu Waingereza kuliko inavyostahili.

Tuseme pia ukweli wa Mbweni. Walioachiwa huru walipewa nyumba na kiwanja, lakini walifanya kazi katika shamba la misheni na kuishi chini ya kanuni zake. Huenda wengine walijiuliza wamehama tu kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine mpole zaidi. Alikuwapo kiongozi wetu mmoja aliyeliona jambo la namna hii: Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika wa Afrika ya Mashariki kufanya kazi. Alikwisha kuona kwamba mnyororo huweza kubadilishwa jina.

MKUNAZINI

Mkiwapeleka vijana Unguja, waonyesheni altare, ambayo yasemekana imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, na msalaba uliotengenezwa kwa mbao za ule mti wa Chitambo. Waonyesheni nje zile sanamu za watu watano shimoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998. Minyororo yake ni ya kweli. Wakae kimya hapo kwa muda.

Lakini kuhusu vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa vilikuwa maghala ya watumwa, mwalimu awe mwangalifu. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni kuwa hospitali katika miaka ya 1890, soko likiwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, na wanahistoria kadhaa wanatilia shaka maelezo hayo. Mateso ya sokoni yanathibitishwa na walioyaona, hayahitaji kuongezewa chumvi.

Kisha waambie watazame juu mnarani. Saa ile ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu, yeye yule aliyelazimishwa kulifunga soko. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Mhindu, Jairam Senji. Naye Mwislamu yeyote aliyesoma dini yake atakuambia kwamba kumwacha huru mtumwa ni tendo la thawabu, na wako mabwana waliofanya hivyo. Haya hayafuti soko. Ila yatamzuia kijana wetu asirudi na jiwe mfukoni la kumtupia jirani.

NENO LINALOUMA

Limebaki jambo ambalo walimu wengi hulikwepa. Darasani mwako kuna mtoto ambaye bibi wa bibi yake alikuwa mtumwa, na nyumbani kwao neno hilo halitajwi. Kuna mama mzee katika mtaa wetu, wa Umoja wa Akina Mama, ambaye bibi yake aliletwa Mbweni akiwa mtoto asiyejua jina la kabila lake. Aliniambia hivi: “Siku hizi mnasema kwa sauti, padre anahubiri. Sisi tuliambiwa tunyamaze, tukiulizwa kwetu tuseme Mbweni.” Alilisema bila uchungu, huku akichambua mchele. Mimi ndiye niliyekosa la kujibu.

Kwa hiyo usimwulize mtoto hata mmoja mbele ya wenzake, “Ninyi asili yenu ni ipi?” Fundisha badala yake maneno. Mtwana, mjakazi, suria, mzalia, mtoro: kila moja lilikuwa na maana yake, na mengine bado yanatumika kama matusi na watu wasiojua wanachosema. Neno “mwungwana”, tunalomwitia mtu mwenye adabu, lilikuwa la mtu asiye mtumwa. “Uhuru” wenyewe, kabla haujaimbwa mwaka 1961, uliandikwa katika hati ya mtumwa aliyeachiwa. Na “mtumwa” na “mtume” yametoka katika tendo moja, kutuma. Mtakatifu Paulo anajiita yote mawili katika mstari wa kwanza kabisa wa Waraka kwa Warumi.

Wape vijana pia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akiuza vyungu. Mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Leteni sauti yake darasani ikiwezekana. Si wimbo wa kanisa, lakini sidhani kwamba Padre atakasirika.

KAZI YA WANAFUNZI

Jumapili ya mwisho msome Filemoni kwa sauti, kila mtu aya zake. Halafu waulize: ni nani anayesema katika waraka huu? Paulo. Anasema na nani? Na Filemoni, bwana. Anayebeba barua, anayezungumziwa toka mwanzo hadi mwisho, ni Onesimo, na hatusikii hata neno lake moja. Tena tuwe wakweli kwamba Paulo hasemi wazi, “Mwache huru.” Anasema ampokee kama ndugu. Mabwana waliusoma waraka huu wakaona unawatetea, na wapinga utumwa waliusoma uleule wakaona unawashtaki mabwana. Waacheni vijana waseme wao wanauona vipi.

Kisha kila mmoja aende nyumbani na karatasi moja, aandike barua ambayo Onesimo angeiandika mwenyewe njiani: kwa Filemoni, au kwa Paulo, au kwa mama yake, vyovyote apendavyo. Asiandike jina lake juu. Barua zikusanywe kapuni Jumapili inayofuata, wasomaji wawili wenye sauti nzuri wazisome mbele ya darasa zima moja baada ya nyingine, na mwalimu asizisahihishe.